Alexander Fleming: mtoto wa mkulima aliyechunguza kamasi zake mwenyewe

Wengi wetu tukisikia jina la Alexander Fleming tunakumbuka neno moja tu, penisilini, ile dawa iliyozaa sindano na vidonge ambavyo karibu kila nyumba imewahi kuvitumia. Ukiyafuata maisha yake kwa makini, lakini, utaona kwamba pua imo ndani yake karibu kila mahali: pua yake iliyovunjika akiwa mtoto, mafua yake ya mwaka 1921, na sainasi ya msaidizi wake aliyejaribiwa dawa ile kabla ya mgonjwa mwingine yeyote.

Tumemchagua kwa sababu. Kila ukifika msimu wa baridi na vumbi, swali linalorudi kwenye simu za kipindi chetu cha afya ni lilelile: mafua hayaishi, pua imeziba mwezi wa tatu sasa, uso unauma, je, ninunue dawa gani ya antibiotiki? Maisha ya huyu bwana yanalijibu swali hilo vizuri kuliko tangazo lolote.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, huko Ayrshire, Uskoti. Ni nchi ya vilima, mvua na upepo, na kazi ya pale ilikuwa kondoo, ng'ombe na mazao kidogo. Baba yake, Hugh Fleming, alikuwa mtu mzima sana alipomwoa mke wa pili, Grace Morton, na Alexander alikuwa wa tatu kati ya watoto wanne wa ndoa hiyo. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka 7. Mama akabaki na shamba, watoto wake, na watoto wakubwa wa mke wa kwanza, na inasemekana aliwalea wote bila kubagua.

Shule ya kwanza ilikuwa ya kijijini, ya watoto wachache. Alipofika miaka 10 hivi akahamia Darvel, mwendo wa karibu kilomita 6 kwenda na 6 kurudi, kwa miguu, kila siku. Asubuhi za baridi kali mama aliwapa watoto viazi vya moto watie mfukoni, vipashe mikono njiani kisha viliwe mchana. Wanaotembea kwenda shule mbali wataelewa hesabu hiyo ya mama. Ni katika shule ya Darvel ambapo Alexander alikata kona mbio akagongana na mwanafunzi mwenzake mfupi, paji la uso la mwenzake likampiga puani, na pua ikavunjika. Ilibaki imebonyea hivyo maisha yake yote, na waliomwona ukubwani walidhani aliwahi kuwa bondia.

Akiwa na miaka 13 alikwenda London kuishi na Tom, kaka yake wa baba mmoja, aliyekuwa daktari wa macho. Alisoma kidogo, kisha akaajiriwa karani katika ofisi ya meli, kazi aliyoifanya miaka 4 bila kuipenda. Kilichomtoa ni urithi mdogo kutoka kwa ndugu wa baba yake aliyefariki. Tom akamshauri fedha zile aziweke kwenye masomo ya udaktari. Alichagua hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington, na sababu yenyewe inachekesha: hakujua lolote kuhusu vyuo vya udaktari vya London, ila aliwahi kucheza mpira wa majini dhidi ya timu ya St Mary's.

Mchezo ndio uliombakiza pale pia. Alikuwa mlengaji hodari wa bunduki, na alipofaulu udaktari mwaka 1906 wenzake wa klabu ya shabaha hawakutaka kumpoteza. Mmoja wao akamtafutia nafasi katika maabara ya chanjo ya Almroth Wright, hapohapo hospitalini. Alikusudia kukaa kwa muda tu, lakini maisha yake yote ya kazi yalipita pale.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wright alipeleka watu wake Boulogne, Ufaransa, wakafungua maabara ndani ya jengo lililokuwa kasino. Fleming, akiwa na cheo cha kapteni katika jeshi la matabibu, aliona vijana wengi wakifa si kwa risasi yenyewe bali kwa vidonda vilivyooza. Madaktari wa wakati ule walimwaga dawa kali za kuua vijidudu ndani ya vidonda. Yeye alitengeneza kidonda cha bandia kwa kioo, chenye mashimo na pembe kama za kidonda cha kweli, akaonyesha kwamba dawa haikufika kwenye pembe hizo, na palipofika iliua chembe nyeupe za damu, askari wa mwili wenyewe, haraka kuliko ilivyoua vijidudu. Wakubwa wengi hawakumsikiliza. Tangu hapo alibaki na swali moja kichwani: je, kipo kitu kinachoua vijidudu bila kumdhuru mwenye mwili?

Mwaka 1918, vita ikikaribia kwisha, likaja gonjwa la mafua makali lililopewa jina la mafua ya Hispania. Liliua mamilioni ya watu duniani, na Afrika Mashariki nayo haikusalimika. Fleming alikuwa bado Ufaransa. Wataalamu wengi waliamini kwamba chanzo ni bakteria aliyeitwa bakteria wa Pfeiffer, kwa jina la Mjerumani aliyemtambua. Fleming alimtafuta kwa wagonjwa, akamkuta kwa wengine na kumkosa kwa wengine. Leo tunajua kwa nini. Homa ile ilitokana na kirusi, kitu kidogo mno kisichoonekana kwa hadubini za wakati ule, na kirusi cha homa ya mafua kwa binadamu hakikupatikana hadi mwaka 1933. Bakteria wa Pfeiffer alikuwa mdandiaji tu, anayeingia baada ya kirusi kuvunja mlango.

Shika jambo hilo, kwa sababu ndilo linalotokea ndani ya pua zetu hadi leo.

Novemba 1921 Fleming akapata mafua. Yapo masimulizi kwamba tone la kamasi lilimdondokea kwa bahati kwenye sahani ya maabara. Maandishi yake ya mwaka 1922 yanaonyesha mtu mwenye subira zaidi ya hapo: kila siku ya ugonjwa ilichukuliwa kamasi kutoka puani na kupandwa kwenye sahani yenye chakula cha vijidudu, kama mkulima anayepanda mbegu kuona kitakachoota. Siku 3 za kwanza, ambazo kwa mwenye mafua ndizo mbaya zaidi, karibu hakikuota kitu. Siku ya 4 wakaota bakteria wengi wa aina moja. Sisi tunaona siku zile 3 tupu ni za kustaajabisha. Pua ilikuwa inatiririka, mtu anaumwa, na hakuna bakteria wa kulaumiwa. Mhalifu alikuwa kirusi, naye haoti kwenye sahani ya aina hiyo.

Alichokiona Fleming ni kingine. Alipoweka kamasi juu ya bakteria wale, waliyeyuka. Wingu lililokuwa zito kwenye chupa likawa maji meupe kwa dakika chache. Ndani ya kamasi mlikuwa na kitu kinachopasua ukuta wa bakteria, na kikapewa jina la lisozimu. Akakitafuta kwingine, akakikuta kwenye mate, kwenye machozi, kwenye ute mweupe wa yai. Yeye na msaidizi wake walikamuliana maganda ya limau machoni ili wapate machozi ya kutosha, na wahudumu wa maabara walilipwa senti chache kwa kila kipimo cha machozi waliyotoa. Kwa bahati mbaya lisozimu iliwashinda bakteria wanyonge tu. Wale wanaoua watu hawakuijali. Dunia ya utabibu haikujishughulisha nayo sana.

Kwetu sisi ugunduzi ule unatosha kubadili namna tunavyoyatazama makamasi. Tumezoea kuyaona uchafu wa kupenga na kutupa, kumbe ni ulinzi. Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vya hewa, viwili viwili: kwenye paji la uso, mashavuni, katikati ya macho, na nyuma zaidi ndani ya kichwa. Hivyo ndivyo vinavyoitwa sainasi. Kuta zake zimefunikwa na ute, na chini ya ute kuna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyousukuma nje bila kupumzika, pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa. Chumba cha shavuni kina tatizo la ujenzi, maana mlango wake uko juu karibu na dari. Vinyweleo vikichoka, ute hauwezi kujitokea wenyewe. Unatuama.

Kirusi cha mafua kinapoingia, kinavuruga vinyweleo hivyo na kuvimbisha kuta, mlango unaziba. Kwa watu wengi uvimbe hupungua ndani ya siku 7 hadi 10 bila dawa yoyote ya kuua vijidudu. Wachache sana ndio hupata bakteria wa kudandia. Lakini kuna watu ambao uvimbe hauondoki. Ukizidi wiki 12, pua imeziba, ute unashuka kooni, uso mzito, harufu hazisikiki, wataalamu huiita sainasi sugu. Hapo shida kubwa mara nyingi si kijidudu bali ni uvimbe wenyewe, unaochochewa na mzio, vinyama vya puani, jino bovu la juu, mfupa wa pua uliopinda, au moshi. Jiko la kuni ndani ya nyumba isiyopitisha hewa huviumiza vile vinyweleo kila siku, na sigara vilevile. Mtu wa namna hiyo akikumbwa na mafua ya kawaida yanamkuta njia imekwisha kuharibika, ndiyo maana analala siku nyingi kuliko mwenzake na kila mafua mapya yanaamsha ya zamani.

Turudi London. Septemba 1928 Fleming alirudi kutoka likizoni, akakuta sahani alizoziacha mezani, zikiwa na bakteria wa majipu. Kwenye moja palikuwa pameota ukungu, kama ule wa mkate uliolala, na kuuzunguka ukungu ule bakteria walikuwa wametoweka. Mwingine angeiosha sahani. Yeye, aliyekwisha kuona bakteria wakiyeyuka kwa kamasi miaka 7 kabla, alijua anatazama nini. Majimaji ya ukungu ule aliyaita penisilini, na yaliua bakteria wengi wabaya bila kudhuru chembe nyeupe za damu. Swali la Boulogne lilikuwa limepata jibu.

Msaidizi wake, Stuart Craddock, alikuwa na sainasi ya shavuni iliyokuwa ikimsumbua. Tarehe 9 Januari 1929 Fleming akamsafisha chumba kile kwa majimaji ya ukungu. Huyo ndiye mtu wa kwanza tunayemjua kutibiwa kwa penisilini, na ugonjwa wenyewe ulikuwa huu tunaoulizwa kila msimu. Bakteria wa majipu walipungua mno baada ya saa chache. Bakteria wa Pfeiffer, ambaye penisilini ile haikumweza, alibaki, na sainasi ya Craddock haikupona kwa dawa ile.

Kwa hiyo dawa iliyokuja kuitwa ya maajabu ilianza kwa kushindwa na sainasi. Si kwamba ilikuwa mbovu, ila haikulingana na kilichokuwamo mle ndani. Na Fleming alilielewa hilo haraka sana, hata katika kichwa cha andiko lake la mwaka 1929 akataja kwamba penisilini inafaa kumtenga bakteria wa Pfeiffer: unaua wote wengine kwenye sahani, anabaki yeye peke yake. Maabara yao ilikuwa ikitengeneza chanjo za bakteria za kuzuia mafua, na penisilini iliwasaidia katika kazi hiyo. Chanjo hizo zenyewe zisingeweza kuzuia mafua ya kirusi, lakini nani angejua wakati ule?

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ukimya. Fleming hakuwa mkemia, na penisilini ilikuwa dhaifu, ikiharibika kabla hujaikusanya. Kazi kubwa ilifanywa Oxford na Howard Florey kutoka Australia, Ernst Chain, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, na Norman Heatley, fundi wa kutengeneza vyombo kwa kila kilichopatikana. Mei 1940 walijaribu kwa panya 8 walioambukizwa. 4 waliopewa dawa walipona usiku ule, 4 wengine wakafa. Mwaka 1941 wakamtibu askari polisi mmoja aliyekuwa mahututi, akaanza kupata nafuu, dawa ikaisha, akafa. Ni haki kusema wazi kwamba magazeti yalimpa Fleming sifa nyingi kuliko alizostahili, na watu wa Oxford wachache kuliko zao. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1945 angalau iliwagawia watatu: Fleming, Florey na Chain. Heatley hakupata.

Hapa tuseme neno kuhusu ujumbe unaozunguka WhatsApp, kwamba baba yake Fleming alimwokoa mtoto Winston Churchill asizame, baba yake Churchill akamlipia Alexander masomo, na baadaye penisilini ikamponya Churchill nimonia. Ni hadithi tamu na si ya kweli. Masomo yalilipwa kwa urithi, na Churchill alipougua nimonia mwaka 1943 alitibiwa kwa dawa za salfa. Fleming mwenyewe aliikanusha.

Jambo alilolisema akipokea tuzo ile ndilo linalotugusa zaidi. Alionya kwamba siku itakuja ambapo mtu yeyote ataweza kujinunulia penisilini dukani. Akaeleza mfano wa baba mmoja anayeumwa koo, ananunua dawa, anameza kidogo, isiyotosha kuua vijidudu lakini inayotosha kuvifundisha kuishi na dawa. Anamwambukiza mke wake. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi, na anakufa. Fleming aliuliza ni nani aliyemuua mama yule, na akamtaja mumewe. Hiyo ilikuwa Desemba 1945, wakati dawa hiyo ilikuwa ndiyo kwanza inafika kwa raia.

Nasi tunaijua ile siku aliyoiona. Unaingia duka la dawa na mafua ya siku 2, unatoka na amoksilini za nusu dozi kwa sababu fedha iliyokuwepo ilitosha nusu. Penisilini huua bakteria kwa kuharibu ujenzi wa ukuta wao. Kirusi hakina ukuta huo. Ukiimeza kwa mafua kirusi hakiguswi hata kidogo, wanaoguswa ni bakteria wengine wa mwilini mwako, na wale watakaosalia ndio watakaokuja kumsumbua mwanao. Wala kamasi kugeuka njano au kijani si ushahidi kwamba unahitaji antibiotiki. Rangi hiyo huletwa na chembe nyeupe za damu zilizokuwa kazini.

Kwa aliyeziba pua, kinachosaidia wengi ni cha bei ndogo: maji yaliyochemshwa kabisa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ya kusafishia pua. Usitumie maji ya kisima au mto bila kuchemsha. Ikizidi wiki 12, au ikitulia na kurudi, nenda kituo cha afya uombe rufaa kwa daktari wa pua, koo na masikio, maana zipo dawa za kupuliza puani za kupunguza uvimbe, na wengine huhitaji upasuaji mdogo. Usisubiri hata siku moja ukiona jicho linavimba au kuona kunabadilika, shingo imekakamaa, homa kali na kichwa kisichovumilika, au damu inayotoka tundu moja la pua mara kwa mara.

Fleming aliishi miaka yake ya mwisho akizunguka dunia kupokea heshima, ingawa kwa asili alikuwa mtu wa maneno machache. Mke wake Sarah, muuguzi kutoka Ireland, alifariki mwaka 1949. Mwaka 1953 akamwoa Amalia, mtafiti wa Kigiriki aliyefanya naye kazi maabara. Wakati wote huo aliendelea kuamini kwamba lisozimu, ile ya kwenye kamasi, ni kazi nzuri isiyopewa nafasi yake. Tarehe 11 Machi 1955 moyo ulisimama akiwa nyumbani kwake London, akiwa na miaka 73, akazikwa katika kanisa kuu la St Paul's.

Mwaka 1956 watafiti wa Marekani walifanikiwa kukipata kwa mara ya kwanza kirusi kimojawapo cha kundi linaloleta mafua mengi zaidi duniani. Mpaka sasa zimetambuliwa aina zaidi ya 150 za kundi hilo, na chanjo yake bado haijapatikana.